Chumba Ambacho Ticha Hakuingia

Jumatatu ya pili ya mwezi wa tano, nikiwa darasa la sita la sekondari, karatasi za mtihani wa Kiingereza zilipotea, na jina langu likapotea pamoja nazo. Karatasi zilionekana baada ya miaka kumi na tisa. Jina lilichukua wiki mbili zaidi, kwa sababu aliyelipoteza hakujua kuomba msamaha, ingawa ndiye aliyefundisha nusu ya mji wetu wa Kamina namna Waingereza wanavyouomba.

Tulimwita Ticha. Walimu wengine wote walikuwa Prof, yeye hakutaka. "Prof iko ya Bafaransa," alisema. "Minyi njo Ticha," yaani mimi ndiye Ticha. Amekufa mwaka huu, kabla mvua hazijaanza. Waliomjua watamtambua bila mimi kuandika jina lake, na wasiomjua jina halitawasaidia kitu. Mimi nauza samaki wakavu karibu na stesheni. Naandika yale niliyoyaona.

Somo lake lililojulikana lilikuwa la neno moja tu. Kila mwaka, darasa la nne, alifuta ubao wote, akaandika SORRY katikati kwa herufi kubwa, akalizungushia nyumba yenye vyumba vinne. Kitabu hakukigusa. Alishuka kati ya madawati, akamkanyaga mtu mguu. Mwaka wetu alinikanyaga mimi, na kiatu chake kilikuwa na msumari. Nikapiga kelele, darasa likacheka. Akainama kidogo, akasema "Sorry," akarudi ubaoni akaandika katika chumba cha kwanza: nimekosa, unisamehe.

Kisha akaenda kwa msichana aliyefiwa na baba mwezi ule. Akavua kofia. Akasema neno lile lile, lakini kwa sauti ya chini, polepole, mpaka yule msichana akajifuta macho. Chumba cha pili: pole. Halafu akaweka mkono sikioni kama mtu asiyesikia, "Sorry?" Chumba cha tatu: rudia, sikusikia. Mwisho akatuonyesha, kupitia dirishani, choo cha shule kilichokuwa kimeegemea upande mmoja. "That is a sorry building." Chumba cha nne: kitu duni, cha kusikitisha.

"Muone hawa bantu!" alisema, amefurahi kama mtu aliyemkamata jirani akiiba kuku. "Mwenye kukukanyaga na mwenye kukulilia baba, bote banasema neno moja! Sisi tuko na pole, tuko na unisamehe, kila moja na kiti yake. Muingereza iko bahili. Nguo moja ya kazi, ya kanisa, ya kilio na ya kulala."

Mmoja wetu akauliza, "Sasa, Ticha, muntu atajua namna gani ni chumba gani?"

"Utaangalia mikono. Mwenye kukosa, mikono yake inatafuta pa kwenda."

Hatukuona ajabu kwamba yeye mwenyewe, alipokuwa akituigizia chumba cha kwanza, mikono yake ilitulia mgongoni.

Alikuwa hajawahi kukaa na Mwingereza hata mmoja. Kiingereza chake alikitoa redioni na katika kamusi moja iliyopoteza jalada, ambayo aliishonea jalada jipya la gunia. Mara moja lori kutoka Zambia liliharibika karibu na soko, na dereva akawa anaongea Kiingereza. Ticha alilileta darasa zima, watu arobaini, tumpe salamu. Yule dereva alikuwa na njaa, hakuwa na haja ya wanafunzi. Akatupita katikati akitusukuma kwa viwiko, "Sorry, sorry, sorry," mpaka akafika kwa mwanamke mwenye kuuza mihogo. Tulidhani Ticha atakasirika. Akageuka kwetu, macho yanang'aa. "Mumesikia? Munipe njia! Chumba cha tano!" Kesho yake alichora nyumba upya, na kuanzia siku ile ilikuwa na vyumba vitano. Alisema mtu akifundisha miaka ishirini bila kuongeza chumba, nyumba yake ni kaburi.

Alikuwa na suti moja ya kahawia. Mguu wa kulia wa suruali aliufunga kwa kipande cha mpira wa tairi ili mnyororo wa baiskeli usiule, na mara nyingi alisahau kuufungua, akafundisha asubuhi nzima na mguu mmoja mwembamba. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Mpira ule ulikuwa kama saa yake: ukiukuta umefungwa, amechelewa, ukiukuta umefunguliwa, amelala vizuri, na utaweza kumuuliza swali la kijinga.

Kwenye vilio alikuwa wa kwanza. Mtu akifa mtaani kwetu, kabla hata viti havijakusanywa, baiskeli ya Ticha iliingia imebeba kuni. Hakuleta kitu kingine, kuni tu, zilizopasuliwa sawasawa na kufungwa kwa kamba. Alisema watu wanakumbuka kuleta machozi, wanasahau kwamba wenye machozi watakula. Alisema pole mara moja kwa mfiwa, akaketi ukingoni kwenye kigoda chake alichotoka nacho nyumbani, na hakuondoka mpaka siku ya tatu. Alifanya hivyo kwa wakubwa wa ofisi, kwa wake za wanajeshi wa kambini ambao hawakuwa na ndugu hapa, na kwa mzee mlevi wa stesheni ambaye hakuna mwingine aliyemlilia. Kama neno lile lilikuwa nyumba, yeye aliishi katika chumba cha pili. Alikijua mpaka kona zake.

Cha kwanza hakuingia. Siku moja mvua ikinyesha alipoteza breki, akaligonga beseni la nyanya la mama mmoja sokoni. Nyanya zilitawanyika mpaka relini. Ticha alishuka, akaziokota zote, moja moja, akazifuta kwa kitambaa chake cha mfukoni, akazipanga upya vizuri kuliko zilivyokuwa. Watu walisimama kumtazama. Alipomaliza akasema, "Nyanya zako nzuri, Mama."

"Na mudomo yako iko na kufuli?" yule mama akamjibu. "Sema basi!"

Akapanda baiskeli, akaenda. Shuleni pia, ukimwonyesha kwamba amekukosea alama, alichukua kalamu, akasahihisha, akakurudishia daftari na kusema, "Kaa." Hilo tu. Alama yako umeipata, lakini neno hukulipata. Sijui nani alimfundisha kwamba mwalimu akisema nimekosa ubao utaanguka. Sikumuuliza, na sasa siwezi.

Yaliyonipata mimi yalikuwa hivi. Shuleni kwetu ilikuwa desturi mwanafunzi kumbebea mwalimu mkoba mpaka nyumbani kwake. Ilikuwa heshima, na iligombaniwa. Mwaka wote wa mwisho mkoba wa Ticha niliubeba mimi, kwa sababu nilikuwa wa kwanza katika Kiingereza na kwa sababu nyumba yetu ilikuwa njia moja na yake. Jumamosi ile niliubeba kama kawaida, nikaufikisha, nikautundika kwenye msumari wa ukutani. Jumatatu karatasi za maswali hazikuwamo.

Asubuhi ile, baada ya kupandisha bendera, tukiwa bado kwenye mistari, Ticha alisonga mbele. Homa ilikuwa imemshika wiki nzima, macho yake yalikuwa mekundu. Alisema, mbele ya shule yote, "Mkoba wangu ulibebwa na muntu mumoja." Akanitaja. Nikasema, "Siko mwizi, Ticha." Mtu akacheka nyuma yangu, halafu wengine. Mama yangu alikwenda kwake jioni kumsihi atafute tena nyumbani, akajibiwa, "Nyumba yangu naijua." Prefe, yaani mkuu wa shule, wa wakati ule alinifukuza kabla wiki haijaisha, na mtihani wa Serikali ukafanywa bila mimi. Sina diploma ya kumaliza sekondari mpaka leo.

Watu hawakuniita mwizi usoni. Waliniita Mama Karatasi. Nilipoanza kuuza samaki, mwenzangu wa meza ya jirani, mwanamke mwenye ulimi kama wembe, akiona ofisa anapita na mafaili alipaza sauti: "Patron, shika makaratasi yako nguvu, huyu anakuangalia!" Soko lilicheka. Nilicheka nao, maana usipocheka samaki hawanunuliwi. Nilizoea. Sikuzoea siku binti yangu alipoingia sekondari ile ile na kurudi na jina hilo hilo, limefanywa la mtoto: Kakaratasi.

Mama yangu alipokufa, wa kwanza kuingia uani alikuwa Ticha, na kuni. Aliniambia pole. Kwa kuni zile nilipikia watu, na yeye nikampelekea sahani yake kwa mkono wangu. Siku tatu alikaa kwenye kigoda chake, mita tano kutoka mlango ambao mama alitokea kwenda kumsihi. Nilimchukia, na nilimheshimu, na sikujua nianzie wapi. Nasema kweli: usiku wa tatu alipofunga kigoda chake kwenye baiskeli, nilitamani abaki.

Halafu mwaka huu upepo ulichukua mabati ya nyumba yake. Alikuwa amestaafu tayari. Mafundi walipovunja dari la mikeka ili kuweka mbao mpya, fundi mmoja alimtupia kifurushi kilichofungwa kwa plastiki. Panya walikuwa wamekula pembe. Ndani yake mlikuwa na mtihani wa Kiingereza wa darasa la sita.

Alikuja sokoni saa nane ya mchana, jua kali. Mguu wa suruali ulikuwa umefungwa. Akaziweka karatasi juu ya samaki wangu. Niliutambua mwandiko wake kabla sijasoma neno.

"Zilikuwa wapi?"

"Juu. Kwa dari. Mvua ilikuwa inavuja kwa meza. Niliziweka minyi mwenyewe, na homa. Nikasahau."

Jirani yangu wa meza alikuwa ameacha kupunga nzi. Ticha alitazama chini, akatazama reli, akasema, "Pole, Mama."

Nilidhani nitalia au nitamtukana. Nikasikia sauti yangu imetulia kabisa. "Ticha, pole ni ya kilio. Minyi siko na kilio leo."

"Unataka nini?"

"Ulinisema mbele ya bendera. Unisafishe mbele ya bendera."

"Niko muzee sasa. Batoto batanicheka."

"Minyi nilikuwa na miaka kumi na munane. Minyi banacheka mpaka leo."

Akakusanya karatasi zake, akazirudisha mkobani, akaondoka. Ndipo jirani yangu akanigeukia. "Weye! Umemwacha aende nazo? Si atazichoma?"

Alisema kweli. Ushahidi wangu wote ulikuwa katika mkoba wa mtu asiyejua kusema nimekosa, na mimi nilikuwa nimeutazama ukienda. Wiki ya kwanza nilimwona mara mbili akipita upande wa pili wa barabara, hakugeuza kichwa. Wiki ya pili sikumwona kabisa. Jirani yangu hakunitania tena. Hilo lilinitisha kuliko utani.

Jumamosi binti yangu alirudi kutoka shuleni akikimbia. "Mama, prefe amesema Jumatatu uje kwa bendera. Uvae muzuri."

Prefe wa sasa ni mwanamke, mdogo kwangu kwa umri. Alinisimamisha upande wa kulia wa mlingoti, nikiwa na kitambaa changu cha kanisani. Wanafunzi walikuwa kwenye mistari, bluu na nyeupe. Nje ya ua, kwenye barabara, niliona vichwa vya wanawake juu ya majani ya ukingo: jirani yangu alikuwa amelileta soko zima.

Waliimba. Bendera ikapanda. Prefe akasema mzee wetu ana neno. Ticha alisonga mbele na suti ya kahawia, mkoba begani, na mguu wa suruali umefungwa kwa mpira, alikuwa amesahau. Akafungua mdomo kwa Kiingereza, "I am," akatikisa kichwa.

"Hapana," akasema. "Hii Kiingereza iko na vyumba vingi. Nitajificha humo."

Mikono yake ilishika mkanda wa mkoba, ikauacha, ikashika vifungo, ikaacha, ikaning'inia. Nilikuwa sijawahi kuiona hivyo.

"Huyu mama alikuwa mwanafunzi wangu. Nilisema mbele ya bendera hii kama aliiba mtihani. Hakuiba. Minyi njo niliuweka, minyi njo nilisahau, na minyi njo nilimufukuzisha. Mama yake alikuja kuniambia nitafute, nikakataa. Nimekosa. Unisamehe, Mama."

Alisema kwa sauti ndogo, ya mzee. Mistari ya mbele ilisikia. Kisha katikati ya mistari ya darasa la nne mkono mmoja ulipanda ukakaa sikioni, na sauti ya msichana ikasema waziwazi:

"Sorry?"

Alikuwa binti yangu. Mwalimu aliyemrithi Ticha bado anachora nyumba ile ubaoni, na wiki ile walikuwa wameifikia. Wanafunzi walipasuka kicheko. Prefe aligeuka na uso wa moto. Mimi nilitaka ardhi inimeze, maana nilidhani ndivyo walivyonicheka mimi, na sikumtakia mtu yeyote jambo hilo, hata yeye.

Lakini Ticha alikuwa ameinua kidole. Uso wake ulikuwa ule ule wa siku ya dereva wa Zambia.

"Chumba cha tatu," alisema. "Muzuri sana. Hukusikia. Narudia."

Akavuta pumzi, akarudia. Maneno yale yale, yote, hakupunguza hata moja, lakini sasa kwa sauti ya darasani, ile iliyokuwa ikitufikia mpaka choo kile kilichoinama. HAKUIBA ilivuka ua. NIMEKOSA ilifika barabarani. Akatoa zile karatasi, akazishika juu ili zote mbili, shule na barabara, zione, kisha akamkabidhi prefe. Wanawake wakapiga vigelegele. Jirani yangu alipiga kuliko wote, kisha akapaza sauti yake ile ya wembe: "Mama Karatasi amekufa leo! Tusimulilie!" Baiskeli zilisimama. Mwenye pikipiki mmoja akapiga honi bila kujua sababu, na wengine wakamfuata.

Walinitazama niseme kitu. Nilikuwa nimetayarisha maneno miaka kumi na tisa. Nikasema, "Nimesikia, Ticha." Kumsamehe kulikuwa bado hakujafika, na sikutaka kusema uongo chini ya mlingoti ule.

Wanafunzi waliingia madarasani wakiwa bado wanapiga kelele. Ticha alibaki amesimama, mikono yake bado haina pa kwenda. Halafu akauvua mkoba begani. Ulikuwa ule ule, umeshonwa pembeni mara nyingi. Akaninyooshea.

"Njia yetu ni moja," alisema.

Nikaupokea. Yeye alisukuma baiskeli, mimi nikabeba, tukapita mbele ya wale wanawake, tukavuka reli. Hakuna aliyecheka. Njiani aliongea mara moja tu.

"Ile siku nilikukanyaga kwa darasa, ulipona?"

"Musumari uliacha alama."

"Kile kiatu kilikuwa kibaya," akasema. Akatembea hatua kama kumi. "Samahani kwa mguu."

Wiki sita baadaye nilipeleka kuni kwake, zilizopasuliwa sawasawa, na nikakaa mpaka siku ya tatu. Sikufika wa kwanza. Jirani yangu wa meza alinitangulia. Mkoba ulikuwa bado pale ukutani, mahali ulipowekwa asubuhi ile ya bendera, na wakati wa kilio chake nilikuwa nikiutazama.

Maana asubuhi ile tulipofika kwake, chini ya mabati mapya, nilimpa mkoba mlangoni. Nilimwangalia sana mikono. Aliupokea kwa mikono miwili, akautundika kwenye msumari wake bila kuufungua kuangalia yaliyomo, akaniuliza kama nitakunywa chai.